Fundi Yuko Wapi? Historia ya Vifaa vya Nyumbani Kibiti na Delta ya Rufiji

Tuseme umeuza korosho zako, au msimu wa kamba umekwenda vizuri, na nyumbani umeme umeshavutwa. Familia imekaa, imeamua: safari hii tunanunua friji. Unaingia dukani Kibiti mjini, au unapanda basi mpaka Kariakoo, na mbele yako zimepangwa friji kumi na tano zinazong'aa. Muuzaji anaapa kwamba zote ni "orijino". Sasa unachaguaje?

Wengi wetu huchagua kwa kuangalia bei, jina la kampuni na ushauri wa jirani. Si vibaya, ila haitoshi. Hela iliyopo mfukoni ni ya msimu mzima. Friji ikifa baada ya miezi minane, hela imekwenda na msimu mwingine bado uko mbali.

Makala hii haitakutajia chapa ya kununua. Itakurudisha nyuma kwanza, kwa sababu Kibiti na delta ya Rufiji zina historia ndefu ya watu na vifaa vyao, na mazingira ya huku hayana huruma: kuna joto, kuna hewa ya chumvi, kuna mafuriko, na kuna vijiji ambavyo mpaka leo hufikiwa kwa boti tu. Ukiifuatilia historia hiyo utaona kwamba kifaa kilichodumu huku ni kile kilichojibu maswali matatu. Nishati yake inafika hapa? Kinahimili hali ya hapa? Kikiharibika, fundi na kipuri viko wapi? Jina lililobandikwa kwenye mlango wa friji halijibu hata swali moja kati ya hayo.

Chungu cha Mkukutu

Tuanze mbali kidogo. Katika miaka ya 1990, mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifanya uchimbaji Mkukutu, karibu na Kibiti. Alipata shanga za kioo zenye asili ya dunia ya Warumi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1999, na yakaipa nguvu hoja kwamba Rhapta, mji wa biashara unaotajwa katika Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza, ulikuwa maeneo haya ya Rufiji.

Shanga ndizo zilizopata umaarufu. Lakini mwanaakiolojia anayefanya kazi pwani hii hutumia muda mwingi zaidi na vigae vya vyungu. Shanga ilitoka ng'ambo, chungu kilifinyangwa hapa hapa. Na chungu ni kifaa cha nyumbani kama kilivyo sufuria au friji.

Kipime kwa maswali yetu. Nishati yake ni kuni, na kuni zipo. Je, kinahimili? Mfinyanzi anajua kwamba udongo mtupu hupasuka motoni, kwa hiyo huuchanganya na mchanga. Chembe za mchanga huupunguzia udongo kusinyaa unapokauka, na husaidia kuzuia ufa mdogo usisambae chungu kinapopata moto. Na mnunuzi ana kipimo chake: anakigonga chungu kwa kidole na kusikiliza. Chungu kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti butu, kwa sababu ufa unaumeza mtetemo. Huo ni upimaji wa ubora, na hauhitaji maabara. Swali la tatu nalo lina jibu jepesi: kikivunjika, mfinyanzi yuko kijiji cha jirani.

Hiyo ndiyo faida ya chungu ambayo hatuioni kirahisi. Mnyororo wake wote, kuanzia udongo mpaka fundi, ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu. Vifaa vilivyokuja baadaye vilikuwa na uwezo mkubwa zaidi, lakini minyororo yao ilikuwa mirefu, na mnyororo mrefu hukatika kwa urahisi zaidi.

Mashine kubwa iliyokosa fundi

Mfano mkubwa kuliko yote wa mnyororo mrefu kukatika ulitokea ndani ya delta yenyewe. Si kifaa cha nyumbani, ni meli ya vita, lakini somo lake linakuhusu.

SMS Königsberg ilikuwa meli ya Kijerumani iliyofika Dar es Salaam mwaka 1914, kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipoanza, tatizo lake la kwanza lilikuwa nishati: meli ilikula makaa ya mawe, na Waingereza walijitahidi kuhakikisha haiyapati. Ikaingia kujificha kwenye mikono ya Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 ilitoka, ikaenda Unguja na kuizamisha HMS Pegasus, meli ya Kiingereza iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo yake. Yaani meli ile ilipigwa ikiwa kwa fundi.

Muda mfupi baadaye Königsberg nayo ikavunjika kipande cha injini. Ikarudi Rufiji. Na hapo swali la tatu likajitokeza: fundi yuko wapi? Karakana yenye uwezo huo ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100 kwa nchi kavu. Vipande vilivyoharibika vikasafirishwa hadi huko, vikatengenezwa na kurudishwa. Wakati huo Waingereza walikuwa wakiitafuta, na mwishoni mwa Oktoba waliigundua ilipo na kuifungia njia. Haikutoka tena. Tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa ikiwa ndani ya delta.

Ilikuwa na mizinga kumi ya milimita 105 na mabaharia waliofunzwa vizuri. Ubora wa kiwandani ilikuwa nao. Ilichokosa ni makaa na karakana. Ubora wa kifaa hauishii kwenye kifaa chenyewe. Umegawanyika njia nzima, kutoka kinapopata nishati mpaka kinapopata matibabu.

Kwa nini redio ilidumu

Sasa turudi sebuleni. Dar es Salaam ilianza kuwa na umeme mwaka 1908, enzi za Wajerumani, lakini umeme ule haukuwa wa mkazi wa Rufiji. Kwa miongo mingi baada ya hapo, vifaa vya nyumba ya huku vilikuwa jiko la kuni au mkaa, kibatari, chemli kwa mwenye uwezo, na baadaye tochi na redio.

Redio inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, kikitengeneza redio na betri kavu za National. Hebu tazama vitu hivyo viwili vikiwa pamoja. Aliyeuza redio aliuza pia chakula chake, na betri zile zile kubwa zilizowasha redio ziliwasha na tochi. Duka la kijijini lenye sukari, chumvi na kibiriti lilikuwa na betri pia. Kwa hiyo swali la nishati lilijibiwa kwenye kaunta ya duka.

Wakati huo huo maisha ya Rufiji yalikuwa yanahamishwa. Mwaka 1968 na 1969, kupitia Operesheni Rufiji, wakazi wengi wa bonde la mto walihamishiwa maeneo ya juu kwenye vijiji vya ujamaa, mafuriko yakiwa moja ya sababu zilizotolewa. Kifaa kinachobebeka mkononi kilikuwa na maana kwa watu wa namna hiyo. Redio ilihama na mwenyewe. Na ilikuwa zaidi ya burudani: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia takribani watu milioni mbili nchi nzima kupitia vikundi vilivyosikiliza vipindi vya redio na kujadiliana kuhusu malaria, vyoo na maji safi. Redio ikinyamaza, darasa limefungwa.

Friji isiyotumia umeme

Je, kabla ya umeme hakukuwa na friji vijijini? Zilikuwepo, tena za mafuta ya taa. Zinatokana na kazi ya wanafunzi wawili wa chuo huko Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, waliovumbua mfumo huo mwaka 1922. Unasikika kama kiini macho: unawasha moto chini, juu kunapoa. Kinachofanyika ni kwamba moto unaitenga amonia na maji. Amonia inageuka kimiminika, kisha inapovukiza tena inanyonya joto kutoka ndani ya friji, halafu inarudi kwenye maji na mzunguko unaanza upya. Hakuna mota, hakuna kompresa.

Kifaa hiki kiliingia kwenye zahanati kwa ajili ya chanjo. Tanzania ilianza programu yake ya chanjo mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha ya kwake. Hapo ndipo joto la nchi zetu lilipoonyesha tofauti kati ya friji na friji. Friji ya mafuta ya taa inataka utambi uliokatwa vizuri, mafuta safi na sakafu iliyonyooka; ukiiweka imeinama, mzunguko wa kimiminika unavurugika na ubaridi unapotea. Siku ya joto kali inashindwa kuteremsha nyuzi. Na chanjo ikishapata joto haikuonyeshi chochote. Mtoto anachomwa sindano, mama anarudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa, kumbe sivyo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliweka utaratibu wa kupima friji za chanjo kwa kuziweka katika hali ya nchi zenye joto, hadi nyuzi joto 43, kabla ya kuziingiza kwenye orodha ya zinazofaa. Hatua hiyo ni muhimu katika historia yetu. Swali lilihama kutoka "friji hii ni nzuri?" kwenda "friji hii ni nzuri wapi?" Ikumbuke hiyo namba 43, tutakutana nayo dukani.

Bidhaa zinamiminika

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 shida haikuwa kuchagua, shida ilikuwa kupata. Watu walipanga foleni kwa sabuni na sukari. Mwaka 1984 serikali ikalegeza: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuingiza bidhaa. Baada ya hapo maduka yakaanza kujaa, na baadaye yakaja majokofu, televisheni na pasi za kila aina, mpya na za mtumba. Televisheni kwenyewe Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu.

Bidhaa zilipokuwa chache, kiwanda kilijulikana na fundi alikijua kifaa nje ndani. Zilipokuwa nyingi, mnunuzi akaachwa peke yake na muuzaji. Taasisi za kumlinda zilikuja kwa hatua. Shirika la Viwango, ambalo leo ni TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ikatoa msingi wa Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulika pia na bidhaa bandia. Mwaka 2012 TBS ikaanza utaratibu wa bidhaa kukaguliwa huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Nembo na hati hizo zina thamani, zidai. Lakini zinakuambia kwamba kifaa kimefikia kiwango. Hazikuambii kama kuna fundi wa kifaa hicho Kibiti, wala kama kitafurahia upepo wa Mbwera.

Barabara nayo ilibadilika. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kuondoa adha ya kivuko cha Ndundu. Magari ya kusini yakawa yanapita Kibiti na Ikwiriri mwaka mzima, na kipuri kutoka Dar kikawa kinaweza kufika kwa basi. Ila ukishuka Nyamisati kwenda ndani ya delta, mnyororo unarudi kwenye boti na maji kujaa na kupwa.

Umeme umefika, hesabu imeanza

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Vijiji vingi vilivyokuwa gizani vikaona nguzo. Na juu ya mto huu huu limejengwa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mapema mwaka 2024. Mto uliohamisha watu kwa mafuriko sasa unasukuma umeme wa nchi nzima. Na mwaka huo huo wa 2024 mafuriko yakaikumba tena Rufiji na Kibiti, yakaingia kwenye nyumba na mashamba.

Kwa hiyo mkazi wa huku leo ananunua friji yake ya kwanza katikati ya historia hii yote. Twende naye dukani na maswali yetu matatu.

Swali la kwanza, nishati. Usiulize bei ya friji tu, uliza inakula uniti ngapi. Tufanye hesabu kwa viwango vya TANESCO vilivyotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo: mteja wa matumizi madogo, D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti, mteja wa kawaida, T1, shilingi 292. Chukua nyumba inayotumia uniti 30 kwa taa, televisheni na feni. Ukileta friji ndogo ya kisasa inayokula uniti 0.7 kwa siku, unaongeza uniti 21, jumla 51. Unalipa shilingi 5,100. Ukileta friji kuukuu ya mtumba inayokula uniti 2 kwa siku, unaongeza 60, jumla 90. Umevuka 75, na ukihamishiwa T1 unalipa shilingi 26,280. Tofauti ni shilingi 21,180 kwa mwezi, zaidi ya laki mbili na nusu kwa mwaka. Viwango hubadilika, kwa hiyo rudia hesabu kwa vya sasa, lakini mantiki haibadiliki. Friji ya bei rahisi inaweza kuwa unailipia kidogo kidogo kupitia LUKU. Wahenga walisema rahisi ghali, ingawa hawakuwa na mita.

Kama uko kijiji cha delta kinachotegemea sola, anza na betri. Ndiyo inayokufa kwanza. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kila usiku mpaka iishe, unaiua. Inayohitajika ni ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya sola. Na muuzaji wa taa za sola muulize kama zimepimwa: vipimo vinavyotambulika kimataifa huiwasha taa saa 2,000 ili kuona mwanga umefifia kiasi gani.

Swali la pili, kuhimili. Geuza friji, tafuta kibandiko cha maelezo ya kiwandani. Utakuta herufi zinazoonyesha tabianchi iliyokusudiwa. N ni kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 32, ST ni mpaka 38, T ni mpaka 43. Ndiyo ile 43. Jiko la Kibiti lenye paa la bati mchana wa Januari halitaki friji ya N, hata kama jina lake ni kubwa namna gani. Angalia pia mabomba ya nyuma. Ukiwa jirani na maji ya chumvi, chuma kilicho wazi kitapata kutu, kutu itatoboa, na gesi itatoka.

Kisha umeme wenyewe. Vifaa vyetu vinataka volti 230. Umeme ukiwa mdogo, mota ya kompresa inashindwa kuanza, inavuta mkondo mkubwa, inapata moto na nyaya zake zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, presha ya gesi bado iko juu na mota inakwama. Kile kikasha cha kulinda friji kinachochomekwa kwenye soketi hufanya kazi mbili: hukata umeme usiofaa, na husubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha. Kinunue siku hiyo hiyo. Na kama eneo lako hupata maji, jenga kijukwaa imara cha kuinua friji. Kompresa iko chini kabisa, ndiyo ya kwanza kulowa.

Swali la tatu, fundi. Hili lifanyie kazi kabla hujatoka nyumbani. Nenda kwa fundi friji wa mtaani kwako umuulize mambo mawili tu: ni aina gani unazitengeneza mara kwa mara, na ni ipi huwa unakosa vipuri vyake? Muulize pia kuhusu gesi. Friji nyingi mpya zinatumia R600a, ambayo ni nzuri kwa mazingira lakini inashika moto, na fundi anayeichomelea kwa mazoea ya gesi za zamani anahatarisha nyumba. Halafu dai risiti na waranti iliyoandikwa, na usome waranti hiyo inatolewa wapi. Waranti inayokutaka ubebe friji kwa boti mpaka Nyamisati, kisha kwa gari mpaka Dar es Salaam, ina thamani ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Ukishapata majibu, unaweza kukuta friji inayokufaa si ile iliyong'aa kuliko zote, wala ile ya jina kubwa. Inaweza kuwa ya wastani, yenye herufi T mgongoni, inayokula uniti chache, na ambayo fundi wa pale stendi ameshafungua kumi za aina yake. Na ukikuta hakuna hata moja inayopita maswali matatu, hilo nalo ni jibu. Beba hela yako urudi nayo, ungoje. Deli na barafu vitakuvusha miezi michache bila kukuingiza kwenye deni.